Herufi mbili zilivyonikesha Tabora

Mzee mmoja aliingia kwenye steshenari yangu hapa Tabora na daftari la historia ya ukoo wao, lote Kinyamwezi. Kinyamwezi kina irabu saba, na zile mbili zinazozidi za Kiswahili yeye aliziandika ɨ na ʉ. Kurasa za ndani hazikunisumbua: nilitumia Andika, fonti ya bure ya shirika la lugha la SIL (ndiyo, jina ni Kiswahili chetu hiki), nayo inazo zote mbili. Balaa lilikuwa jalada. Fonti nene niliyoipenda ikatoa viboksi vitupu kila penye herufi hizo.

Nikatafuta programu ya kuhariri fonti. Glyphs inataka Mac, mimi natumia Windows. FontLab, nikigeuza bei yake kuwa shilingi naona rimu za karatasi tu. Nikabaki na FontForge, ya bure. Sura yake ya kizamani, lakini unafungua fonti mbili kwa pamoja, unakopi huku, unabandika kule.

Nikabandika ʉ ya Andika. Kimo kikakaa. Nikamprintia mzee.

"Mwanangu, hii mbona ina njaa?"

Kweli, ilikuwa imekonda katikati ya manene. Hapo nikaacha kukopa. Nikachukua u ya fonti ileile ya jalada, nikaiweka kwenye namba 0289 ya Unicode (orodha inayoipa kila herufi namba yake kwenye kompyuta), nikachora mstari wa kulala, nikaviunganisha viwe umbo moja. Kwa ɨ nikachukua i na nukta yake, namba 0268. Mstari wake ukawa unagusa herufi jirani, ikabidi niiongezee nafasi pembeni. Umeme ulikatika kabla sijasevu, nikairudia.

Leseni ya fonti ile, OFL (leseni huria ya fonti), inaruhusu kurekebisha, ila jina la fonti lililohifadhiwa hulitumii kwenye toleo lako. Nikaipa jina jipya, na Windows nayo haikuichanganya na ya zamani.

Mzee aliporudi akalitazama jalada, akatabasamu, akauliza kama kichwa kinaweza kuwa kwa herufi kubwa. Nikaketi tena kuchora Ɨ na Ʉ, namba 0197 na 0244.