Mama, mvua na nyotamkia ya Halley

Barua ya uhamisho wa Baba Neema imefika na posa ya mdogo wangu imepokelewa, lakini wiki nzima ninayoyawaza ni maneno ya Mama mkwe ya Jumapili.

Nilikuwa nikimweleza Neema kwamba nyotamkia ya Halley hulizunguka Jua kwa takriban miaka 76, katika njia ya duaradufu iliyorefuka mno, ambayo ncha yake moja iko kati ya Utaridi na Zuhura na ya pili iko ng'ambo ya Neptuni. Nikaongeza kwamba iligeukia huko mbali Desemba 2023, ikienda polepole, chini ya kilomita moja kwa sekunde, na sasa inarudi ili ilifikie Jua Julai 2061.

"Nani aliiona ikigeuka?" akauliza Mama, akichambua mchele.

"Hakuna, Mama. Iko mbali mno."

"Basi mmejuaje?"

"Kwa hesabu."

"Mimi nikisema mvua inakuja, mnataka ushahidi."

Baba Neema alicheka hadi akapaliwa na chai. Mimi sikucheka, na tangu hapo namjibu Mama kimoyomoyo, hata ndani ya daladala: Edmond Halley alilinganisha nyotamkia za 1531, 1607 na 1682, akasema ni moja na kwamba ingerudi 1758, ingawa yeye alifariki 1742. Wafaransa watatu, Clairaut, Lalande na Bi Nicole-Reine Lepaute, wakapiga hesabu kwa mkono kwa miezi kadhaa ili wajue Mshtarii na Zohali zingeichelewesha kiasi gani, wakasema italikaribia Jua katikati ya Aprili 1759. Ikapita Machi 13. Kukosea mwezi mmoja kwa safari ya miaka 76, Mama, huo si ushahidi?

Tatizo ni kwamba hadithi hiyo haikamiliki bila aliyeiona kwanza ikirudi, usiku wa Krismasi 1758, naye ni Palitzsch, mkulima wa Saxony aliyejisomea elimu ya nyota mwenyewe. Nilipomfikia huyo jana, nikiwa nasahihisha madaftari, nilicheka peke yangu, kwa maana jibu langu lote lilikuwa limeishia upande wa Mama. Isitoshe, yeye mwenyewe aliiona Aprili 1986, doa hafifu upande wa kusini, nami nilikuwa mgongoni mwa mama yangu nimelala.

Fundi wa pampu hapokei simu, na maji ya tangi hayatafika Jumatatu.