Siku Moja Nyuma ya Kopo

Msimamizi wetu alinipa daftari, kalamu mbili na agizo moja: nisimpe mtu chochote mpaka jioni. Nilikuwa mwanafunzi wa ustawi wa jamii, wiki ya tatu ya mafunzo kwa vitendo. Nilipangiwa makutano ya barabara yenye taa za kuongozea magari, mahali ambapo mzee mmoja aliyekatwa mguu chini ya goti alikuwa akiomba kwa miaka mingi. Mzee alikubali nikae nyuma yake, hatua tatu hivi, mradi nisimharibie.

"Ukisogea zaidi watasema ni mwanangu," aliniambia. "Na mwenye kijana mzima hapewi."

Nilichora safu nne: waliopita bila kuangalia, walioangalia wakapita, waliosema neno, waliotoa. Kabla ya saa tatu safu ya kwanza ilikuwa imejaza ukurasa, ya nne ina vijiti sita. Mzee mwenyewe hakuonekana kujali. Asubuhi hakufungua kinywa kabisa, alitunza sauti. Mchana watu walipoanza kutembea polepole ndipo alipoanza kusalimia, na baadhi ya waliompa saa saba niliwatambua kwa mikoba yao: ndio wale wale waliompita asubuhi kama upepo. Miaka kadhaa baadaye nilisoma jaribio lililochapishwa mwaka 1973 kuhusu wanafunzi 40 wa theolojia huko Princeton, Marekani, waliotumwa jengo la pili kutoa hotuba, na njiani akawekwa mtu aliyejikunyata akikohoa. Walioambiwa wana muda, 63 kwa mia walimsaidia. Walioambiwa wamechelewa, 10 kwa mia tu. Baadhi yao hotuba yenyewe ilikuwa juu ya Msamaria Mwema. Nilimkumbuka mzee na ukimya wake wa asubuhi.

Kopo lake lilikuwa la bati, si plastiki, kwa sababu sarafu ikianguka kwenye bati wa nyuma husikia. Halikuwa tupu hata mara moja. Siku ilianza na sarafu tatu zake mwenyewe, alizoziita mbegu, maana kopo tupu linamwambia mpita njia kwamba hakuna aliyeona haja ya kutoa. Lililojaa nalo linasema huyu ameshapata. Kwa hiyo zikifika nane au kumi alizichota, akabakiza tatu. Noti haikukaa humo hata kwa kufumba na kufumbua. Nilimuuliza kama huo si ujanja. Akaniuliza kama mwenye duka anayepanga bidhaa mbele ni tapeli.

Hatari kubwa niliyoiona asubuhi ile ilitoka kwa watoaji wenyewe. Dereva mmoja alirusha sarafu dirishani taa ikiwa imeshageuka kijani. Ikabingirika hadi katikati ya barabara, mtoto mmoja aliyekuwa akiombaomba upande wa pili akaikimbilia, pikipiki ikamkosa kwa kiasi cha kiganja. Anayetaka kutoa akiwa ndani ya gari na aitoe sarafu mfukoni kabla hajafika kwenye taa, asubiri taa nyekundu inapoanza, aiweke mkononi mwa mtu, si hewani. Akiona muda umekwisha aache, kesho ipo. Anayetembea kwa miguu naye asifungue pochi pale pale, atenge fungu la siku kwenye mfuko wa peke yake tangu nyumbani. Likiisha, limeisha, na kusema "leo sina, mzee" hakumpi dhambi ya uongo, kwa kuwa fungu hilo kweli halina kitu.

Bwana mmoja aliyevaa tai alisimama akanihutubia mimi, si mzee: "Ukimpa, atakwenda kunywea tu." Mzee alimtakia siku njema. Nilikosa jibu wakati ule. Sasa ningemsimulia jaribio la Vancouver, ambapo watu 50 wasio na makazi walipewa kila mmoja dola 7,500 za Kanada kwa mkupuo, wakafuatiliwa mwaka mzima. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2023 hayakuonyesha kwamba walizidisha matumizi ya pombe, sigara au dawa za kulevya, na siku zao za kukosa makazi zilipungua kwa 99 kwa wastani. Ningemwambia pia, ili nisimdanganye, kwamba wenye uraibu mzito hawakuingizwa kwenye jaribio. Sarafu mbili za barabarani si dola elfu saba. Lakini huwezi kununua haki ya kusimamia maisha ya mtu kwa sarafu mbili. Ukiona itakukereketa, usitoe pesa, muulize anahitaji nini.

Na uulize kweli. Mzee alikuwa na mfuko wenye viatu saba vizuri, vyote vya mguu asiokuwa nao. Watu walimletea jozi kwa huruma, yeye akavaa kimoja. Alichokuwa akikihitaji ni mpira wa ncha ya gongo. Ule wa gongo la kushoto ulikuwa umelika hadi chuma kikatokeza, na kwenye sakafu yenye maji gongo lilimteleza. Ni kitu kidogo, kinauzwa kwenye maduka ya vifaa vya hospitali, ila lazima upime unene wa bomba la gongo, kwani mpira mpana huchomoka na mwembamba hauingii. Katika miaka yote ile hakuna aliyemuuliza.

Saa nne na nusu alifika mwanamke mwenye mtoto wa kama miaka miwili, akakaa upande wa pili wa barabara. Mtoto alikuwa amelala mapajani. Niliandika: analala. Saa tano na nusu: analala. Honi, jua la uso, pikipiki inayopasua sauti kama risasi, bado analala. Niliandika yote hayo kwa mkono wangu na sikuelewa nilichokiandika. Saa saba mwanamke alivuka, akanitazama, akasema, "Kaka, chochote kwa ajili ya mtoto." Nikasahau agizo. Nikamkabidhi noti yangu pekee, akarudi kwake.

Mzee hakugeuza hata kichwa. "Umemlipa bwana wake."

"Mume wake?"

"Nimesema bwana. Yule kwenye kivuli."

Kulikuwa na mwanamume kwenye kivuli cha ukuta, nami nilidhani anangoja basi, ingawa mabasi manne yalikuwa yameshapita. Dakika kumi hazikuisha, akavuka, akainama kama anayefunga kamba za kiatu, noti ikaondoka. Mzee alinifundisha kuangalia kile nilichokuwa nimeshakiandika. Mtoto wa umri ule ni vigumu alale karibu saa tatu mfululizo kwenye kelele bila kuamka, akilala hivyo huenda amepewa kitu. Angalia kama mtoto huyo huyo kesho yuko na mtu mwingine. Angalia anayekusanya pesa katikati ya siku. Aliyeshika mtoto na asiyemlisha, asiyemgeuza jua likimpiga, humbeba kama mzigo. Hakuna dalili hata moja inayotosha peke yake. Zikiwa tatu pamoja, pesa yako inaurefusha mshahara wa yule wa kivulini, na siku ya mtoto barabarani inarefuka pia.

Nilitaka kuvuka nikamkabili. Mzee alinishika suruali. Ukimkabili, alisema, wanahama baada ya dakika tano, na mwanamke ndiye atakayepigwa. Picha vilevile hapana, simu ikiinuliwa wanaona. Niliandika mavazi yao, saa, upande waliotokea, nikaondoka kama naenda chooni, nikampigia msimamizi. Alifika na maofisa wawili wa ulinzi wa watoto, bila sare. Mwanamke aliulizwa mtoto alizaliwa lini, akakosa jibu. Usiku ule mtoto alilala hospitali, chini ya uangalizi. Kwenye mfuko wa mwanamke ilipatikana dawa ya maji ya mafua, aina ile inayoleta usingizi. Yule wa kivulini hakuonekana tena. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2011 kuhusu biashara ya binadamu inataja kuomba kwa kulazimishwa kuwa ni kazi ya kushurutishwa, kwa maana hiyo yule mwanamke naye huenda alihitaji kuokolewa. Siku ile alichukuliwa kama mkosaji. Hilo bado linanisumbua.

Mzee hakuwa na bwana. Alikuwa amewahi kutozwa faini kwa kuomba, akailipa kwa kuomba, jambo alilolisimulia akicheka. Mwaka 2021 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliamua kesi ya mwanamke wa jamii ya Waroma (si watu wa mji wa Roma) kutoka Romania aliyetozwa faranga 500 kwa kuomba mjini Geneva, Uswisi, na, kwa kushindwa kulipa, akafungwa siku tano. Ilisema haki yake ilivunjwa. Nilipoisoma nilisikia kile kicheko.

Jioni alihesabu. Fungu la kijana anayemsukuma kwenye kigari, fungu la choo cha kulipia, fungu la chakula, mbegu tatu za kesho pembeni. Wakati anahesabu ndipo nilipopapasa mifuko yangu. Noti niliyoitoa ilikuwa ndiyo nauli yangu, na msimamizi alikuwa ameshaondoka na mtoto.

Nilikaa kimya kidogo. Kisha nikasema, "Mzee, samahani. Naomba nauli."

Aliinua uso. "Ya wapi?"

Nikamtajia.

"Unapanda mangapi?"

"Moja tu."

"Linasimama upande gani?"

Nikaonyesha. Alinitazama hadi nikahisi ninaongopa. Pesa hakunipa. Alimwita kijana wa kigari, akamhesabia sarafu mkononi moja moja, akamwambia anisindikize mpaka kwenye basi na amlipe kondakta mwenyewe.