Nyumba ya Bibi imethaminiwa leo

Jamani, mthamini ndiyo kwanza ametoka hapa kwetu Mkomani, Lamu, na moyo wangu bado haujatulia.

Bibi alituachia nyumba ya mawe, ghorofa moja. Ndugu wameamua iuzwe.
Dalali wa kwanza alisema milioni 22. Wa pili, milioni 9.
Nyumba ni ile ile!
Nikasema basi, tumlipe mthamini aliyesajiliwa.

Kaja asubuhi na tepu yake. Hakuuliza sisi tunataka ngapi. Aliuliza nyumba za mtaani zimeuzwa kwa ngapi hasa, pesa zilizopokewa, si bei zinazotangazwa. Akaitisha hati. Akahesabu boriti za mikoko zilizooza. Akabonyeza ukuta kwa kidole gumba, chokaa ikamwagika sakafuni kama unga. Akasema pia mji wa kale umo kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 2001, kwa hiyo mnunuzi hawezi kubomoa na kujenga apendavyo, na hilo linagusa bei.

Muda wote huo Mama alikuwa mbele ya zidaka, vile vishubaka vya ukutani, anapangusa vumbi kwa ncha ya leso. Kidaka kimoja baada ya kingine.

Akauliza kwa sauti ndogo, "Na hizi, mwanangu, unaziandika?"

"Naziandika, mama."

Na kweli aliziandika. Nilimwona.

Ripoti ni wiki ijayo. Mliouza nyumba Lamu karibuni, mlipata ngapi mkononi? Nambieni, hata kwa faragha.