Nilivyomaliza kilomita 28 nikiwa na kundi la nyuma

Kikundi cha kukimbia kilinifikia kwenye cherehani kabla mimi sijakifikia barabarani. Ilikuwa Agosti. Mzee mmoja mstaafu alileta bukta nne, akataka kila moja niishonee kifuko kwa ndani, kiunoni upande wa nyuma, kinachoweza kuingia tende tatu, noti moja na ufunguo. Nikamuuliza vya nini. "Mama, ukiishiwa nguvu kule Mweka hakuna wa kukukopesha," akasema. "Tunakimbia kila Jumamosi. Njoo."

Wakati huo nilikuwa nakimbia peke yangu alfajiri, nazunguka mitaa ya Pasua na Majengo hapa Moshi, kilomita sita, ikizidi sana nane, narudi kabla wanangu hawajaamka. Nilikuwa naipenda mbio ile kwa sababu kazi yangu ni ya kukaa. Lakini mwanamke akikimbia peke yake gizani husikiliza nyayo za nyuma kuliko pumzi zake mwenyewe, na mbwa wa mitaani nao wana yao. Nikasema nitakwenda.

Mara ya kwanza, Septemba, nilikwenda vibaya. Programu ilikuwa kilomita 18, kuanzia uwanja wa Ushirika, kufuata barabara kuu ya Himo na kurudi. Nikajiunga na vijana wa mbele. Sikutaka kuonekana nimekuja kuwachelewesha watu. Kilomita ya tano nilikuwa nao. Ya tisa masikio yakaanza kuvuma. Ya kumi na mbili nikakaa chini kando ya barabara, na bodaboda ya kwanza iliyopita nikaisimamisha, nikaenda zangu nyumbani bila kumwambia mtu yeyote.

Jioni ndipo nikajua nilichofanya. Vijana wawili walirudi kunitafuta, wakaniulizia kwenye vibanda na kwa waendesha bodaboda karibu nusu saa, wakidhani nimeanguka mtaroni au nimegongwa. Kuchoka hakukuniaibisha. Hilo la kuwasumbua watu wasionijua, ndilo lililonifanya nikae wiki tatu bila kwenda.

Mzee akaja kuchukua shati lake. Nikamwamkia, akaitikia, akatazama mashine kidogo kisha akaniuliza: "Ukitaka kushuka kwenye basi, si unamwambia konda?" Nikasema ndiyo. "Basi kwetu ni hivyohivyo. Anayeacha, anasema. Hakuna kosa jingine." Hakuongeza neno. Jumamosi iliyofuata nilikuwa uwanjani saa 11 na robo alfajiri.

Kiongozi wetu, tunayemwita Mwalimu, akanieleza jambo ambalo ningelijua mapema nisingepanda bodaboda ile. Mbio ndefu ya mazoezi haikimbiwi kwa kasi ya mashindano. Inakimbiwa kwa kasi ya kusimulia: uweze kumweleza mwenzako habari nzima ya harusi ya jana, sentensi kwa sentensi, bila kukata pumzi katikati. Ukianza kujibu kwa neno mojamoja, umeshazidisha. Kwangu mimi kasi hiyo ni kama dakika saba na nusu kwa kilomita, na mwanzoni niliona kama natembea. Vijana wa mbele wanasimulia vizuri kabisa wakiwa dakika tano na nusu. Kosa langu lilikuwa kukimbia kwa masimulizi ya watu wengine.

Jambo la pili ni hili la kurudi. Wa mbele wanakwenda hadi alama iliyokubaliwa, wanageuza, wanarudi nyuma mpaka wamkute wa mwisho, kisha wanaondoka tena. Mimi nilidhani wanafanya hivyo kwa huruma, na huruma ilinielemea. Mwalimu akanionyesha daftari lake. Siku ambayo kundi la nyuma lina kilomita 18, vijana wale wameandikiwa 22 au 24, na hizo za ziada zinapatikana kwenye kule kurudi. "Humcheleweshi mtu," akaniambia. "Wewe ndiye kituo chao cha kugeuzia." Tangu siku hiyo nilipowaona wanarudi kwa mbali sikuinamisha tena kichwa.

Kutoka Oktoba hadi Januari tulipanda wiki tatu na kushuka wiki ya nne: 14, 16, 18, halafu 12, na kuendelea hivyo. Lengo la wengi ni Kilimanjaro Marathon, ambayo tangu ilipoanza mwaka 2003 hukimbiwa hapa Moshi kila mwaka, mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi. Tunakimbia Jumamosi kwa sababu Jumapili wengi wetu tuko kanisani.

Mengi niliyajifunza kwa wanawake wenzangu, na nayaandika hapa kwa sababu mimi hakuna aliyeniambia mapema. Mafuta ya mgando yapakwe kwapani, katikati ya mapaja na chini ya mkanda wa sidiria, yapakwe mengi. Ukisahau, utakumbuka wakati wa kuoga. Sidiria iwe ya michezo na uwe umeshaivaa kwenye mbio fupi kabla. Viatu nilinunua soko la Memorial, mtumba, lakini mwenzangu mmoja muuguzi alikwenda nami na akakataa jozi tatu nilizozipenda. Alikuwa anaibonyeza soli kwa kidole gumba: ikiwa ngumu kama ubao, kiatu kimekufa hata kama juu kinang'aa. Na mbele ya kidole kikubwa cha mguu ibaki nafasi kidogo, upana wa kidole gumba, kwa sababu mguu huvimba kadiri saa zinavyokwenda.

Ndipo ikafika Jumamosi ya kilomita 28, katikati ya Januari.

Ijumaa usiku nilikula wali na maharage, nikalala saa 3. Saa 10 alfajiri nikanywa chai na viazi vitamu viwili. Kwenye kifuko cha bukta yangu, maana nami nilikuwa nimejishonea, nikaweka tende tano na chumvi kidogo niliyoifunga kwenye karatasi ya nailoni. Muuguzi alishanieleza kwamba wanga uliohifadhiwa kwenye misuli na ini hautoshi kwa mbio ya saa nyingi, kwa hiyo mtu asisubiri njaa. Ale kidogokidogo tangu saa ya kwanza. Maji nayo anywe kwa kiu, asiyajaze tumboni kwa woga, kwa sababu maji mengi mno bila chumvi yanaweza kumdhuru mtu kama ukosefu wa maji.

Tuliondoka Ushirika saa 11:30, watu kumi na tisa, kundi la nyuma tukiwa watano: mimi, mzee, muuguzi na wadada wawili. Barabara ya Himo saa hiyo ina mabasi ya Dar na malori, kwa hiyo tunakimbia upande wa kulia tukiyatazama magari usoni, mmoja nyuma ya mwingine, tumevaa fulana zinazong'aa. Hapo hakuna kusimulia sana. Kiboriloni akina mama walikuwa wanashusha mikungu ya ndizi. "Poleni!" Tukaitika, "Asante, tumeshapoa!" Kilomita ya saba tukageuza, na tulipogeuka Kibo ilikuwa wazi, nyeupe juu, kabla ya mawingu kuifunika. Nimezaliwa chini ya mlima huu na bado ukinitokea hivyo asubuhi nanyamaza.

Tulipokuwa tunarudi mjini kumekucha, mzee akaanza. Akiwa mwanafunzi mwaka 1974 alisikia habari za mkimbiaji wetu Filbert Bayi kuvunja rekodi ya dunia ya mita 1500 kule Christchurch, aliyetoka mbele tangu mwanzo na hakuna aliyemshika. "Sisi vijana wote tukawa tunakimbia hivyo," akasema, "na wote tunakufa mzunguko wa pili." Kisha akamgeukia Mtanzania mwingine, Alphonce Simbu, na marathoni ya mashindano ya dunia kule Tokyo, Septemba 2025. Alikuwa nyuma mpaka ndani ya uwanja, hatua za mwisho kabisa akampata Mjerumani aliyekuwa mbele. Saa zikaandika 2:09:48 kwa wote wawili, tofauti ni sehemu tatu za mia za sekunde, na Tanzania ikapata dhahabu yake ya kwanza ya mashindano ya dunia. Mzee alisimulia yote hayo bila kukata pumzi hata mara moja. Nikatazama saa: kilomita ya kumi na nne, na mimi nilikuwa nimemuuliza maswali sita. Nilikuwa bado naongea!

Barabara ya Mweka, inayoelekea mlimani, ilituchukulia maongezi. Inapanda tu, katikati ya vihamba vya migomba na kahawa, na kila kona ukiipita unakuta mwinuko mwingine. Mwalimu alishatuagiza: kundi la nyuma, kimbieni dakika nne, tembeeni moja, tangu chini, hata kama mnajisikia wazima. Kutembea nikiwa na nguvu kuliniuma moyo. Kilomita ya kumi na tisa nikaelewa. Dada mmoja aliyekataa kutembea chini alisimama, mikono magotini. Akamwambia mzee, "Naacha hapa, baba." Mzee akasema sawa, akangoja vijana waliporudi, mmoja akabaki naye wakisubiri daladala ya kushuka mjini. Ilichukua dakika tatu. Nilikumbuka Septemba yangu.

Kilomita ya ishirini na moja tukageuza. Nilikuwa sijawahi kukimbia umbali huo maishani mwangu, na sasa kila hatua ilikuwa mpya. Nilidhani kushuka ni zawadi. Kumbe kushuka ndiko kunakovunja mapaja, maana misuli ya mbele inafanya kazi ya breki kwa kila hatua. Muuguzi akanifundisha kufupisha hatua na kuacha mikono itulie. Jua lilikuwa limepanda. Kilomita ya ishirini na nne nikala tende ya mwisho na kulamba chumvi, na machozi yakanitoka bila sababu yoyote ninayoweza kuitaja. Hakuna aliyeniuliza. Muuguzi alihamia upande wangu wa kulia, mzee kushoto, tukashuka hivyo.

Vijana waliturudia mara ya mwisho karibu na mjini. Safari hii hawakuondoka tena, wakapunguza kasi wakaingia katikati yetu. Mmoja, ambaye ni mmoja wa wale wawili walionitafuta Septemba, akaanza mchakamchaka wa shule ya msingi, wengine wakaitikia. Mimi pumzi ya kuitikia sikuwa nayo, nikawa naigiza kwa midomo. Tuliingia Ushirika saa 3 na dakika 22. Saa tatu na dakika hamsini na mbili barabarani.

Tukaenda kunywa mtori. Sikuweza kuinua bakuli kwa mkono mmoja, nikalishika kwa miwili. Yule dada aliyeacha Mweka alikuwa ameshafika, ametushikia viti, na akaniomba nimshonee kifuko kwenye bukta yake kabla ya Jumamosi.

Jumatatu cherehani yangu ya kukanyaga ilikuwa nzito mpaka mchana, nikawa nabadilisha miguu. Nilimaliza kifuko chake kwanza. Kwenye daftari la oda, chini ya jina lake, nikaandika programu ya wiki: kilomita 16 tu, saa 11:30, Ushirika.