Daftari la Waliofungwa Eritrea

Nina daftari ambalo nimelipigia mistari ya safu nne: jina la mfungwa, tarehe ya kukamatwa, mtu aliyemwona mara ya mwisho, na njia iliyoleta habari hizo hadi kwetu. Safu ya tatu ndiyo inayoniumiza zaidi, kwa kuwa katika kurasa nyingi imebaki tupu. Nimefanya kazi hii kwa miaka kadhaa pamoja na wakimbizi wa Eritrea, nikiandika na kupanga ushahidi wao, na leo nataka kueleza utetezi wa haki za binadamu unafanana na nini pale ambapo mtetezi hawezi kukanyaga nchi anayoitetea.

Eritrea ilipata uhuru mwaka 1993, baada ya vita vya miaka 30, na watu walioipigania walikuwa na kila sababu ya kutumaini. Katiba iliidhinishwa mwaka 1997, lakini haijatekelezwa hadi sasa, wala haujafanyika uchaguzi wa taifa. Mwezi Mei 2001 vigogo 15 wa chama tawala, wengi wao wakiwa mashujaa wa vita vya ukombozi, waliwaandikia wanachama wa chama hicho barua ya wazi, wakimkosoa Rais Isaias Afwerki na kudai katiba ifuatwe. Tarehe 18 Septemba mwaka huohuo serikali ilianza kuwakamata. 11 kati yao walitiwa kizuizini, akiwemo mwanamke mmoja, Aster Fissehatsion, na magazeti yote ya watu binafsi yakafungwa. Siku chache baadaye alikamatwa Dawit Isaak, mwandishi na mmoja wa wamiliki wa gazeti la Setit. Hakuna kati yao aliyefikishwa mahakamani. Dawit aliachiwa kwa siku mbili tu mwezi Novemba 2005, kisha akarudishwa gerezani, na tangu hapo familia yake haijapewa hata uthibitisho kwamba yu hai.

Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa lilipounda Tume ya Uchunguzi mwaka 2014, wajumbe wake hawakuruhusiwa kuingia nchini, kama ambavyo hajaruhusiwa mjumbe maalumu yeyote wa Umoja huo kuhusu Eritrea tangu wadhifa huo uanzishwe mwaka 2012. Tume iliwatafuta wale waliotoroka, ikafanya mahojiano ya siri takriban 550 katika nchi mbalimbali, na mwaka 2016 ikahitimisha kwamba kuna sababu za msingi za kuamini kuwa uhalifu dhidi ya ubinadamu umetendwa, ukiwemo utumwa unaotokana na utumishi wa lazima wa taifa, ambao kisheria ni wa miezi 18 lakini kwa wengi hauna mwisho. Serikali iliikataa ripoti hiyo, ikajibu kwamba haina msingi. Jibu hilo ndilo linaloamua namna tunavyofanya kazi. Mtetezi anayetia chumvi, hata kwa huruma, humkabidhi mtesaji silaha, kwa maana kosa moja likibainika, ushahidi wote wa kweli uliozunguka kosa hilo hutupwa pamoja nalo.

Nakumbuka mahojiano na mzee mmoja aliyewahi kufungwa ndani ya kontena la chuma la kusafirishia mizigo, kwa sababu ya kusali na kundi lisilotambuliwa na serikali. Nilimwuliza kontena lilikuwa na ukubwa gani. Badala ya kunitajia tarakimu, aliinuka, akaegemeza mgongo ukutani, akatembea hatua sita polepole, kisha akageuka na kupima upana kwa hatua mbili na nusu ya tatu. Alisimama hapo akanyoosha mkono juu ya kichwa chake kuonyesha mahali palipokuwa na tundu la hewa, dogo kama sarafu, ambalo walikuwa wakipeana zamu ya kulisogelea mchana chuma kilipopata moto. Nilipoanza kuandika jina la mji, alinishika mkono na kuniambia kwa Kiswahili alichojifunza ukimbizini, "Mwanangu, hapo tulikuwa wachache. Ukiutaja mji, umenitaja mimi, na dada yangu bado anaishi huko." Nikafuta. Ushahidi ule ulipungua nguvu mbele ya wanasheria, nami sijutii hata kidogo.

Watu wasioijua kazi hii hudhani hatari humkabili anayesema, kumbe mara nyingi humwangukia aliyebaki nyumbani. Wazazi wa vijana waliotoroka utumishi wamewahi kutozwa faini ya nakfa 50,000 (nakfa ni sarafu ya Eritrea), na walioshindwa kulipa walifungwa. Mwanasiasa au mwandishi aliye uhamishoni anaweza kujitoa mhanga. Ni haki yake. Hana haki ya kumtoa mhanga mama yake. Ndiyo maana simu za kwenda Asmara, mji mkuu wa Eritrea, huwa fupi, zenye maswali ya afya, mvua na mavuno, na ndiyo maana mkimbizi huweza kusikia kwamba "mjomba amesafiri" akajifungia chumbani siku nzima, maana anajua fika safari hiyo ni ya wapi.

Mara kwa mara naulizwa kama haya yote yana faida. Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliamua mwaka 2003 kwamba kuwazuia wale vigogo 11 bila mawasiliano ni ukiukaji wa Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, na mwaka 2007 ikaamua vivyo hivyo kuhusu waandishi wa habari. Serikali haikumwachia hata mmoja wa wale 11. Siwezi kuyaita hayo ushindi. Hata hivyo, mwezi Februari 2020 Mahakama ya Juu ya Kanada iliruhusu Waeritrea waliodai kufanyishwa kazi kwa nguvu katika mgodi wa Bisha, nchini Eritrea, waendelee na kesi yao dhidi ya Nevsun, kampuni ya madini ya Kanada, na baadaye mwaka huo pande hizo mbili zikapatana. Sheria iliwasikiliza ugenini watu ambao hawakuwa na mahakama ya kuwasikiliza kwao. Kesi ya namna hiyo haijengwi kwa hasira, bali kwa tarehe, vipimo na majina ya wasimamizi yaliyohifadhiwa na mtu fulani wakati ambapo hakuna aliyeyauliza.

Mwezi Desemba 2020 tulipata habari kwamba wanaume watatu, Mashahidi wa Yehova waliofungwa tangu Septemba 1994 kwa kukataa kubeba silaha, wameachiwa. Walikuwa wamekaa miaka 26 bila kushtakiwa wala kuhukumiwa. Nilisubiri hadi habari hizo zithibitishwe na vyanzo viwili visivyojuana, kisha nikafungua daftari kutafuta mahali pa kuziandika. Hapakuwepo. Nilipolipigia mistari sikuwa nimefikiria safu ya kuachiwa, kwa hiyo nilichukua rula, nikapiga mstari wa tano pembezoni mwa karatasi, mwembamba kwa sababu nafasi ilikuwa imebaki ndogo, nikaandika tarehe ileile mara tatu.