Menyu Iliyokatwa kwa Kalamu Nyekundu

Mwaka 2014 nilikuwa mpishi wa daraja la chini kabisa katika hoteli moja kubwa upande wa Posta, Dar es Salaam. Kazi yangu ilikuwa kumenya, kukata na kunyamaza. Mwishoni mwa Novemba idara ya masoko ilituletea jikoni karatasi ya rangi: hoteli ingewatembelea watoto wenye saratani waliolazwa hospitali ya Muhimbili, iwapikie chakula cha mchana na kukabidhi hundi. Menyu walishaipanga wenyewe huko juu. Saladi ya matunda, juisi ya embe na pasheni ya kukamua, sandwichi za mayonezi, aiskrimu ya mashine, maua juu ya kila meza, na keki yenye umbo la jengo la hoteli, ghorofa zote.

Shefu wetu alikuwa mzee wa Tanga aliyepika melini miaka mingi kabla ya kuja nchi kavu. Aliisoma ile karatasi amesimama, akaikunja, akanitia mkononi.

"Nenda kaulize wako wangapi na wanakula nini. Mgonjwa hapikiwi kwa kukisia."

Nilipanda daladala. Barabara ya Morogoro wakati ule ilikuwa imechimbuliwa kwa ajili ya mabasi ya mwendokasi, kila gari lilikuwa linatafuta upenyo Upanga, hivyo safari fupi ikala muda wa kutosha kupika maharage. Wodini nilimkuta inchaji, msimamizi wa wodi, sista wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni.

"Shikamoo sista."

"Marahaba mwanangu. Umeleta majibu ya maabara?"

Nikamwambia nimeleta menyu. Akaichukua, akatoa kalamu nyekundu mfukoni, akaanza. Saladi, mstari. Juisi, mstari. Mayonezi, mstari. Aiskrimu ya mashine, mstari, na pembeni akaandika "ya kikopo kilichofungwa, sawa". Alipofika kwenye maua aliinua macho akanitazama juu ya miwani.

"Hivi hii mmeandika wenyewe au mmeiokota?"

Nilicheka, yeye hakucheka. Akanivutia kiti, akaanza kunieleza taratibu. Kemo, yaani dawa ya saratani, alisema, inaua kila kinachoota haraka mwilini. Saratani inaota haraka, ndiyo maana dawa inaipata. Lakini nywele nazo zinaota haraka, na ngozi laini ya ndani ya mdomo, na chembe nyeupe za damu zinazotengenezwa ndani ya mifupa. Wiki moja au mbili baada ya dozi chembe hizo zinashuka, mtoto anabaki hana askari. Jani la saladi lililosuuzwa maji ya bomba litanipa mimi tumbo la kuhara siku moja, basi. Yeye litampa homa, na homa katika wodi ile haisubiri kupambazuke: antibayotiki inaingia kwenye mshipa saa hiyo hiyo, kwa sababu kesho inaweza kuwa umechelewa. Tunda alikubali la kumenywa, ndizi au chungwa, na limenywe palepale kwa mikono iliyooshwa. Mayai mabichi ya mayonezi, hapana. Maua, hapana, maji ya vyombo vyake yanafuga vijidudu.

"Na mnakuja saa ngapi?"

"Saa tatu asubuhi, sista."

"Saa tatu watoto wangu wanachomwa sindano za mgongo. Wanalazwa usingizi kwanza, kwa hiyo hawajala tangu usiku. Wewe umpitishie harufu ya chakula mtoto aliyefungishwa?" Akaandika saa saba, akapiga mstari chini mara mbili.

Kisha akanipa lile ambalo Shefu alikuwa analitaka hasa. Wale wenye mashavu yaliyojaa, alisema, wanameza prednisolone, na dawa hiyo inaleta njaa isiyo na adabu. Hao wataamka saa nane za usiku kuuliza chakula. Wenzao wana vidonda mdomoni, hata mate kumeza ni kazi. Hao hawataki pilipili, ndimu, wala kitu kigumu. Na wote, kwa sababu dawa imewaharibia ladha, wataomba vyakula vya kwao.

Niliporudi jikoni, kwenye menyu ile kulikuwa kumesalia keki na aiskrimu ya kikopo.

Dada wa masoko alishuka mwenyewe. Sikumlaumu wakati ule wala simlaumu leo, alikuwa ameshawaita waandishi wa habari na keki ilishatajwa kwenye mwaliko. Walibishana na Shefu pale kwenye meza ya kupangia sahani, sisi wengine tukikata vitunguu polepole kuliko kawaida ili tusikie.

"Keki sikatai," Shefu alisema. "Krimu nakataa. Itaokwa asubuhi ileile, kavu, na haitakuwa na ghorofa."

"Shefu, jengo ndiyo nembo yetu."

"Mtoto hali nembo, mama."

Akaandika menyu yake nyuma ya fomu ya stoo. Wali wa nazi, kuku wa kuchemsha kisha kukaangwa, samaki aliyeiva mpaka mfupani, ugali na dagaa, na mtori. Mtori ndio uliozua kesi ya pili, kwa sababu stuwadi wetu mmoja alikuwa Mchaga wa Machame na hakuamini Mtanga anaweza kuupika. Ndizi zililetwa kutoka soko la Mabibo, nyama ikachemka hadi ikawa nyuzi, vikapondwa pamoja, chumvi kidogo, bila pilipili wala ndimu. Mchaga alionja, akasema unafaa kwa watu wa pwani. Shefu alichukulia hiyo kuwa sifa. Halafu alinituma nikaongeze sufuria: orodha niliyoleta ilikuwa ya watoto, na yeye alisema kila mtoto wodini ana mama anayelala kando ya kitanda au chini yake, na mama huyo ndiye wa mwisho kula. Akaidhinisha mara mbili ya idadi bila kumwuliza mtu.

Siku yenyewe hotiboksi zilijaza gari. Hundi ya mfano, ule ubao mkubwa wa kupigia picha, haikuingia, ikabidi utingo aishikilie nje ya dirisha kutoka Posta hadi Upanga, watu wa bodaboda wakitupigia kelele kuuliza kama na wao wamo. Tulipofika tulinawa kwanza, sote, meneja mkuu Mzungu akiwa wa kwanza na suti yake. Shefu alichoma kipimajoto katika kila chombo kabla ya kupakua, chochote kilichoshuka chini ya nyuzi 63 kirudi kupashwa. Kuhusu picha, sista alikuwa na kanuni moja: uso wa mtoto haupigwi bila ruhusa ya mzazi wake. Ndiyo maana picha iliyotoka gazetini ilikuwa ya watu wazima wanne na ubao.

Mimi nilipewa upande wa ugali. Mvulana wa miaka minane hivi, mashavu mviringo, dripu ikimfuata kwenye stendi yake ya magurudumu, alikuja akachungulia ndani ya chombo.

"Anko, hawa dagaa wa wapi?"

"Wa ziwani."

"Ziwa gani?"

Akamnyanyua mmoja kwa ncha ya kijiko, akamtazama kama mkaguzi. "Hawa wa Mwanza. Sisi Kigoma hatuli hawa." Akala sahani nzima, akarudi, akala nyingine, na alipokuja tena alinikumbusha kwamba bado si wa Kigoma. Mama yake aliona haya, akawa ananiomba radhi. Nilimwambia hotelini tuna wateja wanaolipa dola na hawajui nusu ya anachokijua mwanawe.

Upande wa mtori kulikuwa kimya zaidi. Msichana mmoja, kichwa kimefungwa kitambaa cha kanga, alipewa nusu kikombe uliopoa. Alikuwa anameza kijiko, anapumzika, anameza kingine. Mama yake hakusema neno hadi kikombe kilipoisha. Ndipo akasema kwamba tangu Jumapili kilichokuwa kinapita ni maji tu. Shefu alikuwa amesimama nyuma yangu. Akaenda kukoroga sufuria isiyohitaji kukorogwa.

Mazungumzo niliyoyabeba yalikuwa ya mama mmoja wa Musoma. Mwanawe alianza kwa taya kuvimba. Nyumbani wakadhani jino, likang'olewa, likafuata la pili, uvimbe ukazidi. Baadaye nilikuja kusoma kwamba ni ugonjwa ule aliouandika daktari Denis Burkitt mwaka 1958 akiwa Kampala, na kwamba unawapata zaidi watoto wa maeneo yenye malaria nyingi, ukanda wa ziwa wote. Ni saratani inayokua haraka sana, na kwa sababu hiyohiyo inaisikia dawa haraka. Yule mama aliniambia baada ya dozi ya kwanza tu taya lilianza kushuka mbele ya macho yake, siku kwa siku, mpaka akaogopa kufurahi.

Kisha akaniuliza, akinyoosha kidole, "Ule ubao ni hela kweli?"

Nikamwambia hela ziko benki, ubao ni wa picha.

"Dawa hatulipi," akasema. "Nauli ndiyo inatufukuza hapa. Nina wengine watatu nyumbani, nikienda kuwaona sijui narudi na nini."

Nilimwita sista. Sista naye hakunijibu mimi, alikwenda moja kwa moja kwa meneja mkuu, aliyekuwa anangoja kuonyeshwa mashine labda, au ukuta wa kupaka rangi. Akamweleza kwa Kiingereza kilichonyooka. Matibabu yanakwenda kwa mizunguko. Mtoto akimaliza miwili uvimbe umeondoka, anacheza mpira, baba yake anatazama na kuona kapona. Haoni sababu ya kuuza mbuzi mwingine kwa ajili ya basi la zaidi ya kilomita 1,000. Mzunguko uliobaki haufanyiki. Ugonjwa ukirudi, unarudi mgumu. Meneja akamgeukia dada wa masoko, akamwuliza keki imegharimu kiasi gani, halafu akauliza nauli ya Musoma ni kiasi gani. Sikusikia majibu, niliitwa kuosha vyombo.

Najua kilichofuata kwa sababu kilipitia kwetu. Sehemu ya ile hundi iliwekwa kwa ustawi wa jamii wa hospitali kwa ajili ya tiketi, si fedha taslimu, tiketi ilikuwa inakatwa Ubungo kwa jina la mtoto na mlezi wake. Na aliyekuwa anapiga simu kwa makampuni ya mabasi kuomba punguzo alikuwa dada wa masoko, yuleyule wa ghorofa za keki. Alikuwa na ulimi, na sasa alikuwa na pa kuutumia. Mtoto wa Musoma nilimwona tena mwaka uliofuata, taya limekaa sawa, meno ya mbele yanaota. Wa Kigoma sikumwona, na kila nilipokutana na sista sikuuliza.

Meneja yule mkataba wake ulipoisha aliondoka, aliyemfuata akapenda zaidi mbio za hisani na fulana. Tiketi zikapungua. Mtori haukupungua, ulitoka kila Alhamisi saa sita katika hotiboksi ya bluu, na kwenye daftari la stoo Shefu aliuandika "chakula cha wafanyakazi". Siku moja mkaguzi wa hesabu alishuka jikoni na kikokotoo, akauliza inakuwaje wafanyakazi wa hoteli hii wanamaliza mikungu yote hiyo ya ndizi kwa siku moja.

"Ni Wachaga wengi hapa," Shefu akamjibu, akamwonyesha yule stuwadi wa Machame. Stuwadi, mdomo umejaa chapati, akaitikia kwa kichwa.