Z80 iliyokuwa bubu mpaka ilipofika kwa fundi redio

Mwaka 2023 kuna mgeni mmoja alikuwa anahama Dar, anauza vitu vya ndani, friji, godoro, baiskeli, na pembeni kwenye boksi la viatu kulikuwa na RC2014 ambayo hakuna mtu aliyekuwa anaigombania. Kwa asiyeijua, hii ni kiti (yaani kit, seti ya vipande vya kuunga mwenyewe) ya kompyuta ya kizamani kutoka Uingereza, aliyeibuni anaitwa Spencer Owen, unaletewa bodi tupu na vimfuko vya chipu na rezista, risasi ya kulehemu unachoma mwenyewe, ukimaliza una kompyuta inayoendeshwa na chipu ya Z80 kama zile za miaka ya 70 na 80. Spidi megahezi 7.3728, RAM 32K (kilobaiti ndugu yangu, sio mega), haina skrini wala kibodi, unaiunga na laptopu kwa waya wa serial alafu unaongea nayo kwa maandishi. Ikikubali inakuletea BASIC, lugha ya kuandikia programu, ya Microsoft ya mwaka 1978. Jamaa alikuwa ameshachoma modyuli zote tano, CPU (ndiyo Z80 yenyewe, ubongo), kloki, RAM, ROM (yenye programu ya kuanzia) na serial, akaniambia tu haijawahi kuwaka hata siku moja na amechoka nayo.

Nikaichukua kwa bei ya kutupa. Nyumbani nikafungua PuTTY, programu ya kuongea kwa waya wa serial, nikaweka spidi 115200, nikawasha, kimya. Nikabonyeza riseti, kimya. Ukiuliza watu mtandaoni ushauri ni mmoja tu, badilisha chipu, ikikataa badilisha na nyingine. Mimi ushauri huo siupendi kabisa, yaani mtu yuko Ulaya chipu inamfikia baada ya siku mbili anakwambia ubadilishe zote, wewe uko huku Kariakoo nzima umezunguka hujaona Z80 hata moja. Na hata ukiipata hujajua ugonjwa ulikuwa nini.

Nikaibeba kwa mzee mmoja Magomeni, fundi redio wa zamani, ana mita ya mshale na ile lenzi ya fundi saa anaibana jichoni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Hiyo redio gani?"

"Sio redio mzee, kompyuta."

"Skrini iko wapi?"

"Haina."

Akaniangalia kwa muda, akavuta mita. "Moto unaingia?"

Nikamwonyesha kwenye Z80 pini ya 11 ni pozitivu na ya 29 ni grandi. Mshale ukaishia volti 4 na kidogo, wakati inatakiwa 5. Ule waya wa USB uliokuja nao ulikuwa mwembamba kama uzi, moto unapotelea njiani. Tukatoa jampa ili isile umeme wa laptopu, akaipa 5 safi kutoka kwenye pawa saplai yake ya mezani, grandi tukaziunganisha. Bado kimya, ila angalau hilo tumelitoa kwenye hesabu.

Akauliza kinachoiendesha ni nini, nikamwambia kuna kristali, mapigo yake yanaingia pini ya 6. Akaweka mita hapo, mshale ukatulia kama 2.5. Mimi nikadhani ataniambia moto umepungua tena, kumbe yeye ndio akafurahi, akasema ingekuwa imeganda juu ungeona 5, imeganda chini ungeona sifuri, ukiona nusu ujue inapanda na kushuka haraka mpaka mshale unashindwa kuifuata. "Moyo unadunda huu." Hajawahi kushika kompyuta ya aina hii maishani! Riseti pini ya 26, iko juu, ukibonyeza inashuka, ukiachia inapanda. Sawa.

Hapo ndio nikatoa ujanja wangu niliousoma, wa NOP. Unachomoa ROM, RAM na serial, unabaki na CPU na kloki tu, alafu laini zote nane za data unazishusha grandi kwa rezista, sisi tuliweka za kilo-omu moja alizozitoa kwenye kopo. Kwa hiyo kila CPU ikisoma inakuta 00, na 00 kwa Z80 ni amri ya NOP, yaani usifanye chochote, songa mbele. Inasonga anwani moja hadi nyingine mpaka mwisho, zote 65,536, inarudi mwanzo. Kila NOP inakula mapigo manne, ukipiga hesabu kwa spidi ile inazunguka kumbukumbu yote kama mara 28 kwa sekunde, sasa ukiweka LED kwenye A15, laini ya juu kabisa ya anwani, pini ya 5, inatakiwa ipepese kwa kasi hiyo hiyo. Mzee akazima taa ya kibandani, tukachungulia, inapepesa! Tukahamia A14, ile inaenda mara mbili yake, jicho linaiona karibu imetulia. CPU nzima kabisa, na wale wa badilisha chipu wangeanza na hiyo hiyo.

Basi kama CPU iko hai na haisemi, maana yake kinachoingia kichwani ni takataka. Mzee akabana lenzi akaanza na modyuli ya ROM, akailaza ubavu akachungulia chini ya chipu, akanipa na mimi niangalie. Mguu wa 13 haukuingia kwenye soketi, umejikunja kuingia ndani, ukiangalia kwa juu huwezi kujua. Mguu wa 13 ni D2, moja ya zile laini nane za data. Sasa ona utamu wake, baiti ya kwanza kwenye ile ROM ni F3, kuzima interapti (zile ishara za kuishtua CPU). D2 ikining'inia hewani CPU ikaisoma kama 1, F3 inageuka F7, na F7 ni amri ya kuruka kwenda sehemu nyingine kabisa. Yaani inapotea kwenye hatua ya kwanza. Akaunyoosha ule mguu kwa kibano polepole huku mimi nimeshikilia pumzi, maana ukikatika ndio basi tena.

Tukarudisha kila kitu, nikabonyeza riseti, PuTTY ikaandika maneno ya kuanzia, "Z80 SBC By Grant Searle", chini yake swali "Memory top?" na mimi nikapiga kelele mpaka wateja wa jirani wakageuka. Nikabonyeza enta. Wapi. Inaongea ila haisikii.

Hii ilinipa raha kuliko zote kuifikiria. Kutuma maandishi ile programu inaangalia yenyewe kama njia iko wazi, lakini kupokea inategemea chipu ya serial, 68B50, ivute laini ya INT (ya interapti) chini kuishtua CPU. Kwa hiyo laini moja ikikatika unapata hasa ugonjwa huu. Nikabonyeza herufi, mzee akapima, pini ya 7 ya 68B50 imeshuka karibu na sifuri, pini ya 16 ya Z80 bado 5. Moja inaita nyingine haijaitwa. Katikati kuna pini ya 22 ya basi, yaani zile laini zinazounganisha modyuli zote, na kwenye modyuli ya serial risasi yake ilikuwa na kamduara keusi kuzunguka pini, haijashika. Akaipasha, akaongeza risasi tone moja.

Enta. Ikaleta BASIC na Ok.

Mzee akasema haya iulize kitu. Nikamwambia nipe hesabu, akasema volti 12 kwenye rezista ya 470, ampea ngapi. Nikaandika PRINT 12/470, ikajibu .0255319.

Akainama kwenye laptopu, akasogeza miwani. "Sifuri ya mbele iko wapi?"

Nikamweleza BASIC za zamani haziandiki ile sifuri, ndivyo zilivyo, sio ubovu. Hakunielewa, au hakutaka. Akatoa kalkuleta yake kwenye droo, akapiga, ikaja 0.0255319 na kuendelea, akaiweka pembeni ya skrini nione, alafu akavuta tena mita yake akaniuliza tuanzie pini ya ngapi.